Pembe, Mbavu, Mkia

Ukimkuta mjusi wa pembe huko magharibi mwa Texas, usianze na rangi. Rangi itakudanganya. Anayeishi kwenye udongo mwekundu ana wekundu, anayeishi kwenye changarawe ana ukijivu, na wote wakilala chini huwezi kujua yupi ni mjusi na lipi ni jiwe. Anza na pembe zilizo nyuma ya kichwa. Kisha angalia mbavu, kisha mkia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sijasahau, ingawa siku hizi ninaishi Katy, nje ya Houston, ambako mnyama ninayemwona zaidi ni kindi wa jirani.

Aliyenifundisha alikuwa rafiki yangu, nesi kama mimi. Tulisoma chuo kimoja Kenya kabla ya kila mmoja kutafuta njia yake ya kuja Marekani. Mimi niliangukia Mesquite, mashariki ya Dallas, ambako mume wangu alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Yeye alipata kazi katika hospitali ya mji mdogo, mwendo wa nusu siku kwa gari kuelekea magharibi, mahali pa upepo, vichaka vya miiba na mashine za kuvuta mafuta. Hakuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili, basi akaanza kuongea na mijusi. Ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Alikuwa amenunua kamera na kitabu, na akitoka zamu ya usiku, badala ya kulala kama watu, anazunguka vichakani akiwapiga picha.

Wenyeji humwita chura, ingawa si chura. Ni mjusi bapa, mpana, mfupi, mwenye uso wa mzee aliyeudhiwa. Kitabu cha rafiki yangu kilikuwa na aina tatu za huko. Wa kwanza ana pembe mbili ndefu katikati ya zile ndogo, mbavuni ana safu mbili za miiba laini, na mgongoni amechorwa mstari mweupe. Wa pili ni wa milimani, mbali zaidi, pembe zake ni vinundu tu na mbavuni ana safu moja. Huyo rafiki yangu alikuwa hajawahi kumwona. Wa tatu ni mdogo, ana pembe nne zinazotoshana, mbavu hazina miiba kabisa, na mkia wake ni mwembamba wa mviringo. Wawili wa kwanza walilindwa na sheria ya jimbo. Hukuruhusiwa kumchukua wala kumbeba. Wa tatu hakuwa na mtu wa kumtetea.

Kazi ilikuwa kwa watoto wao. Mtoto wa yule mkubwa bado hajaota pembe vizuri, na ukimtazama haraka utamwita yule mdogo. Hapo ndipo unalazimika kupiga magoti na kuangalia mbavu.

Nilienda kwa rafiki yangu mara ya kwanza baada ya mimba yangu ya pili kutoka. Ya kwanza nilikuwa nimejikaza, nikarudi kazini, watu wa kanisa wakaleta chapati, maisha yakaendelea. Ya pili iliniangusha. Nilikuwa ninalala mchana na nguo za kazi. Mume wangu alimpigia rafiki yangu simu, naye akasema niletwe. Alinipa pole mara moja tu, mlangoni, kisha kesho yake akanivisha kofia na kunitoa nje. Tulitembea tukiangalia chini. Akimwona mmoja ananyamaza, ananionyesha kwa kidevu, na mimi natakiwa kusema ni yupi. Siku moja nilikosea nikang'ang'ania. Tulibishana pale juani mpaka nikapandisha sauti, naye akaanza kucheka. Alisema ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kukasirikia kitu kingine badala ya kujikasirikia mwenyewe. Nikarudi Mesquite nikiwa mtu tena.

Mwaka uliofuata nikashika mimba ya tatu. Daktari safari hii alinishona mlango wa kizazi kwa uzi, kwa sababu aliona ndiko udhaifu uliko, na akaniambia nisibebe vitu vizito. Mimi nikamwita mama.

Niseme wazi nilichotaka, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Nilitaka mama yangu awe chumbani mtoto akizaliwa. Sikutaka kitu kingine. Sikutaka zawadi wala sherehe, wala wale dada wa kanisani na ushauri wao. Nilitaka mikono yake imuoshe mtoto huyo siku ya kwanza. Alifika Agosti na masanduku mawili ya unga wa wimbi na majani ya chai, kana kwamba Texas kuna njaa. Uwanja wa ndege, watu wa uhamiaji walimpa miezi sita ya kukaa, na mtoto alitarajiwa baada tu ya miezi hiyo kwisha, kwa hiyo tulipanga kumwombea aongezewe muda. Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa kwa sababu ya presha ya macho. Alikuwa anaona mtu na anaona mlango, lakini vitu vidogo alivijua kwa vidole.

Septemba nilimtembeza mama kwa rafiki yangu, mimi na yeye tu, mume wangu akabaki kazini. Mama hawezi kuamka kwenye nyumba ya mtu akakaa bure. Asubuhi ya kuondoka, rafiki yangu akiwa bado zamu, mama alitafuta ufagio akaanza kufagia uwanja. Uwanja wenyewe ni mchanga mtupu, wala hakuna aliyewahi kuufagia tangu nyumba ijengwe. Nilikuwa jikoni nikisikia ule ufagio, nikifurahi, maana ndiyo sauti niliyoamka nayo utoto wangu wote. Kisha ukanyamaza.

"Usitoke!" mama akaita. "Kaa huko huko ndani! Usiangalie huku!"

Jiwe alilokuwa akilifagia lilikuwa limetembea, na alipoinama karibu kabisa aliona lina pembe.

Kwetu, kwenye miinuko, kuna kinyonga mwenye pembe tatu puani. Mama zetu wanamwogopa kuliko nyoka. Mwanamke mjamzito hamtazami. Akionekana karibu na nyumba yenye mjamzito hauawi, maana kumuua ni kuharibu zaidi. Mtu mmoja anamchukua, anavuka naye mto, anamwacha ng'ambo ili maji yawe katikati yake na mahali alipoonekana, kisha anaondoka bila kugeuka nyuma. Mama hakuwa na shaka hata kidogo. Alichokiona ni kinyonga wa pembe, amefika mpaka Marekani, amekaa mlangoni pa binti yake aliyekwisha kupoteza mimba mbili.

Alipoingia alikuwa ameshamsukumia kwa ufagio kwenye kopo la kahawa na kutoboa kifuniko kwa uma.

"Mama, huyo si kinyonga," nikamwambia. "Ni mjusi. Wako wengi hapa. Mwaka jana nilikuwa nawaangalia kila asubuhi."

"Uliwaangalia!" Alinitazama kama mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi.

"Baada ya mimba kutoka, mama. Baada. Na kuna wengine wanalindwa na sheria. Mrudishe nje, tafadhali."

"Na wewe nani anakulinda?"

Mimi ni nesi. Nimeshika mikono ya wanawake wengi waliopoteza watoto na nimewaambia kwa moyo mmoja kwamba si kosa la chochote walichokula, walichobeba au walichokiona. Ningeweza kulifungua lile kopo, nikaangalia pembe na mbavu, jambo likaisha. Sikulifungua. Tumbo lilikuwa la miezi minne na sikuwa na ujasiri wa kucheza nalo, hata kwa jambo nisiloliamini. Niliwasha gari, na mama akaketi nyuma na kopo miguuni.

Barabara ile ya kurudi Dallas inapita juu ya mito kadhaa, na kila mto una bango lenye jina lake. Maji ndiyo hayakuwepo. Kwenye daraja la kwanza mama aliniambia nisimame, akashuka, akachungulia, akarudi.

"Huu si mto," akasema. "Hii ni barabara nyingine."

Daraja la pili, mchanga na tairi la gari. La tatu, matope. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na nikaanza kumsema. Nilimwambia anamtesa kiumbe wa watu na ananitesa mimi. Alinijibu kwa upole ulioniudhi zaidi kwamba tutapata maji, nchi hii ni kubwa. Kila nilipowasha redio alinyoosha mkono akaizima, eti asikie kama kinapumua.

Maji tuliyapata karibu na Fort Worth, kwenye mto Brazos. Yalikuwa yanapita kweli, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa. Tulivuka daraja, nikaegesha ng'ambo, na mama akateremka na kopo mkononi, leso kiunoni, akipapasa njia kwa fimbo. Hakuwa amefika ukingoni nilipoona gari la askari wa wanyamapori likisimama nyuma yangu. Ulikuwa msimu wa kuwinda njiwa na walikuwa wanazunguka kukagua watu. Yeye aliona bibi na kopo anaelekea mtoni, akadhani kopo lina chambo. Akamwomba amwonyeshe kibali cha kuvua samaki.

Nilitoka garini mbio, na mama, badala ya kumjibu askari, akanigeukia mimi. "Wewe rudi!" Nilipofika alivua leso akanifunika kichwa na uso wote. Basi nikasimama pale barabarani, mtu mzima na leseni yangu ya uuguzi, nimefunikwa kama kiti cha msibani, nikimweleza polisi kwa Kiingereza kutoka ndani ya kitambaa. Nilimsikia akifungua kopo.

Aliniuliza kama tunajua huyu ni nani. Nikamwambia kuna aina tatu, na mmoja halindwi, yule mdogo wa mkia wa mviringo. Alisema ni kweli, lakini huyu ni mdogo mno, na yeye amehamia juzi kutoka upande wa pwani, hataki kubahatisha. Aliweka kopo juu ya boneti akaenda garini kwake kutafuta kitabu.

Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Makaratasi yetu ya uhamiaji yalikuwa mezani pa watu nisiowajua, na ombi la mama la kuongezewa muda lilikuwa lifuate. Sikujua kosa la mjusi lina uzito gani kwenye meza hizo. Nilishika ukingo wa leso ili niivue, nijue mara moja.

"Usithubutu," mama akasema. "Niulize mimi."

"Huoni, mama."

"Nina mikono."

Nikasikia kopo likikwaruza. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumgusa kinyonga maishani, aliyewahi kuruka ua kumkimbia, alitia mkono mle ndani akamtoa.

"Pembe," nikamwambia. "Ziko ngapi?"

"Ngoja. Kichwa ni hiki. Huku mbili. Huku nazo. Nyingi."

"Zinatoshana?"

"Hizi mbili za katikati zimezidi. Kidogo tu."

"Shika ubavuni. Kuna miiba?"

"Iko. Laini laini, kama ukingo wa leso uliofumuka."

"Safu moja au mbili?"

"Moja." Nilimsikia akivuta pumzi. "Hapana. Chini yake kuna nyingine."

Sikuwa na haja ya kuuliza mkia. Nilikuwa nimeshajua, na nilitamani ningekuwa sikufundishwa. Wakati huo huo mama akatoa mguno, na chini ya ukingo wa leso, mahali pekee nilipokuwa naweza kuona, tone la damu likaanguka kwenye kiatu chake.

Wale wakubwa hurusha damu kutoka machoni mwao wakibanwa. Rafiki yangu alikuwa ameniambia, na kwamba yule mdogo hafanyi hivyo. Nililijua jambo hilo vizuri kabisa, na bado halikunisaidia kitu. Kwa mwanamke aliyetoka nilikotoka mimi, damu ni damu. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikaanza kulia.

"Imenirukia mimi," mama akasema haraka. "Unasikia? Mimi. Wewe haikukugusa." Na hakumwachilia yule mnyama. Alimrudisha koponi polepole, kama anayelaza mtoto.

Askari alirudi na kitabu chake, akaangalia, akasema nilichokwisha kujua. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza ni wa nani kati yetu. Nilifungua mdomo kueleza yote, mila, mito mikavu, mimba, lakini mama alikuwa na maneno yake machache ya Kiingereza cha shule ya misheni na akayatumia yote.

"Me. Not she. Me."

Aliandika tiketi ya faini kwa jina lililo kwenye pasipoti ya mama. Kisha akachukua kopo, akasema atamrudisha magharibi anakotoka, na mama akanivuta mkono. "Muulize, anamrudisha upande gani?" Sikuwa na haja ya kuuliza. Gari lake liligeuka likavuka daraja kurudi tulikotoka. Mama alisimama akisikiliza matairi yake mpaka yakapotea.

Tiketi tulilipa. Wakili alisema haina madhara kwetu. Mume wangu, ambaye hukasirika mara chache, alicheka kwanza, kisha akamwambia mama asiwe na wasiwasi. "Mum, tuta-apply extension kama kawaida. Lawyer amesema hiyo ni kitu kidogo sana."

Mama alisema hapana. Jina lake sasa liko kwenye karatasi ya polisi, na hataki likae karibu na majina yetu. Anarudi nyumbani. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikampigia kaka yangu Kenya amfokee. Nilimwambia ananiacha wakati ninaomhitaji kuliko wakati wowote. Aliendelea kukunja nguo zake. Alinipikia uji wa kunywa wiki nzima akauweka kwenye friji, akaniachia ile leso, na Oktoba tukampeleka uwanja wa ndege.

Siku hizo ulikuwa unaweza kumsindikiza mtu mpaka mlango wa ndege. Alinikumbatia, akagusa tumbo langu mara moja kwa kiganja, akashika mkono wa mhudumu. Nilibaki nimesimama nikingoja ageuke anipungie, maana mama ni mtu wa kuaga. Huaga mpaka watoto wa jirani. Aliingia kwenye ule ujia akanyooka, taratibu, shingo imekaza, na hakugeuka.

Ndipo nikaelewa. Ile tiketi ya polisi ilikuwa sababu ya kutuambia sisi tu. Yule mnyama alikuwa amerudishwa upande alikoonekana, kuvuka kwake kukafutika, na damu ilikuwa imemrukia mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa anavuka nayo maji makubwa kuliko yote aliyoyajua, na sheria ya kuvuka haimruhusu kugeuka. Nilimwita kwa sauti pale pale, watu wakaniangalia. Aliendelea kutembea.

Binti yangu alizaliwa Februari, mzima, mwenye sauti. Najua ni ule uzi wa daktari. Ukiniamsha usingizini nitakwambia ni uzi. Lakini dada wa kanisani ndiye aliyemuosha siku ya kwanza, kwa mikono mizuri tu, na mimi niligeukia ukutani kwa sababu haikuwa mikono niliyoitaka. Nilimpigia mama kwa kadi ya simu. Aliuliza kama ameshalia, nikaweka simu karibu na mtoto, na tukamaliza dakika zote tukimsikiliza analia.

Makaratasi yalichukua miaka. Wakili alitushauri tusitoke nchini kabla hayajakamilika, tukahamia Houston kufuata kazi, tukaanzia Alief na baadaye Katy. Mtoto alikuwa ameanza shule tulipofanikiwa kwenda nyumbani. Macho ya mama yalikuwa yameshazimika. Hakuna aliyeniambia kwamba yamezimika kabisa. Nililiona mwenyewe, alipogeuzia uso wake mahali nilipokuwa nimesimama muda mfupi uliopita. Nilimkasirikia upya, kwa hasira ya miaka yote ile, kwamba alikuwa amekuja Texas akiona na angebaki angeweza kumwona mtoto.

Alikuwa ameketi kwenye stuli uwanjani, penye alama za ufagio. Akanyoosha mikono. Nilimsogeza binti yangu, ambaye alikuwa anaogopa kidogo, na mama akaanza kichwani. Alipapasa utosi, akarudi nyuma ya masikio, kushoto, kulia, akalinganisha. Akashuka mbavuni kwa vidole vyote, polepole, upande mmoja kisha mwingine, mtoto akajikunja kwa mtekenyo. Mama hakuwa anacheza. Alirudia tena kuanzia juu, midomo ikitembea bila sauti.

Binti yangu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Katy nyanya anamfanya nini.

"Anakuangalia," nikamwambia. "Tulia, akuangalie."